Kipimo cha kuku kifike Wamaza pamoja na chanjo

Katika Wamaza na vijiji vya wilaya za Kasongo na Kabambare, kuku ni akiba ya nyumba. Mtoto akiugua au masomo yakianza, kuku wanabebwa sokoni. Ndiyo sababu ugonjwa wa Newcastle, ambao majirani wetu Watanzania wanauita mdondo au kideri, unaumiza sana: unaweza kumaliza karibu kuku wote wa nyumba kwa siku chache.

Shida ya kwanza ni kuutambua. Kuku akiharisha kijani, akikosa pumzi na shingo ikipinda, wengi husema ni Newcastle. Lakini mafua makali ya ndege yanaonyesha dalili zinazofanana, nayo yaliingia nchini mwetu mwaka 2017, katika jimbo la Ituri. Macho hayatoshi kuyatofautisha, inahitajika maabara. Sampuli nayo inapaswa kusafiri ikiwa katika baridi, kwenye barabara ambazo mvua inazikata. Jibu likirudi, kuku wamekwisha kufa, na wengine wameuzwa, wakapeleka virusi kijiji kingine.

Njia ya kupunguza shida hiyo tunaijua tayari. Vipimo vingi vya haraka vya malaria vinatumia nanopatikeli, yaani chembe ndogo mno za dhahabu zilizoshikamana na kingamwili. Zikikutana na alama ya ugonjwa, zinakusanyika na mstari mwekundu unaonekana, bila umeme wala hadubini. Vipimo vya namna hiyo vipo kwa Newcastle na mafua ya ndege, na watafiti wanaendelea kuboresha chembe hizo ili zigundue hata virusi vichache.

Tusidanganyane: kipimo cha haraka kinaweza kukosa ugonjwa ambao kipimo cha PCR cha maabara kingeuona. Mstari usipoonekana, hiyo si ruhusa ya kuuza kuku wagonjwa. Tena kipimo hakiponyi. Newcastle haina tiba, ina chanjo. Ile ya I-2, inayotumiwa Tanzania na Msumbiji, inavumilia joto kuliko chanjo za kawaida, na kuku anapewa tone moja jichoni kila miezi minne.

Kwa hiyo wizara inayohusika na mifugo na serikali ya jimbo huko Kindu zisitenganishe mambo hayo mawili. Waganga wa mifugo wa Kasongo na Kabambare wapewe vipimo vilivyothibitishwa, chanjo, na pikipiki ya kupeleka sampuli zenye mashaka. Kama kipimo cha malaria kinafika vijijini, cha kuku nacho kinaweza kufika.