Tusimfunge Abiria Tukamwacha Mwenye Safari

Mwezi Machi 2020 maofisa wa uhamiaji wa Msumbiji walisimamisha lori lililotoka Malawi, katika jimbo la Tete, wakasikia watu wakigonga kutoka ndani ya kontena. Walipolifungua walikuta maiti 64 na watu 14 waliokuwa bado hai. Walikuwa Waethiopia waendao kusini kutafuta riziki, na waliokufa walikosa hewa. Msiba huo haukuwa wa kwanza wala wa mwisho katika njia hiyo. Juni 2012, hapa kwetu mkoani Dodoma, maiti zaidi ya 40 za wahamiaji wa namna hiyo zilishushwa kwenye lori na kutupwa porini, pamoja na makumi ya wenzao waliokuwa hoi. Oktoba 2022 lilifukuliwa kaburi la pamoja wilayani Mzimba, Malawi. Na Desemba mwaka huohuo miili 27 ikaokotwa pembezoni mwa Lusaka, Zambia. Kila mara serikali husika ilisikitika, ikakamata waliokuwa karibu, na magari yakaendelea kupita. Yataendelea kupita maadamu kila nchi inalinda kipande chake cha barabara peke yake, na maadamu tunaowafunga ni wale waliolipa nauli.

Tuitazame biashara yenyewe inavyokwenda. Kijana wa Hadiya au Kembata, kusini mwa Ethiopia, hufuatwa na dalali, mara nyingi mtu anayefahamika kijijini. Akikubali, huvushwa Moyale, akapitishwa Kenya, akaingizwa Tanzania kwa njia za panya za Kilimanjaro au Tanga, akafichwa siku kadhaa, kisha akapakiwa pamoja na shehena kuelekea Mbeya na mpaka wa Malawi. Kila kipande cha njia kina mpokeaji wake, na mpokeaji huyo hamjui mkubwa wa kazi. Ajuacho ni namba ya simu ya mwenzake wa mbele. Fedha nazo hazisafiri na abiria. Ndugu walioko nyumbani au Afrika Kusini hulipa kwa awamu, kwa hawala au kwa simu, kadiri safari inavyosonga. Ndiyo maana askari wetu wakisimamisha gari Iringa humpata dereva na abiria tu, ilhali mwenye biashara yuko nchi nyingine na malipo yake yamepokelewa nchi nyingine tena. Abiria hupelekwa mahakamani, hushindwa kulipa faini, hufungwa. Na wapo waliomaliza vifungo wakabaki gerezani kwa kukosa nauli ya kurudi kwao, mpaka Shirika la Kimataifa la Uhamiaji likawasafirisha. Ni sawa na kuwafunga abiria waliosimama kwenye daladala iliyojaza kupita kiasi, huku mwenye gari akisubiri hesabu yake ya jioni.

Dawa yake ni nchi za njia hii kushirikiana kumsaka mwenye biashara, wala hatuombi jambo lisilowezekana. Oktoba 2019 Wavietnam 39 walikutwa wamekufa ndani ya trela huko Essex, Uingereza. Walikuwa wamepakiwa Ufaransa, trela likavushwa bahari kutoka Ubelgiji, na mtandao uliowasafirisha ulikuwa na watu wake Ireland, Romania na Vietnam. Kama polisi wa Uingereza wangechunguza peke yao, huenda kesi ingeishia kwa dereva. Lakini nchi hizo zilipeana ushahidi, na hukumu zikatolewa Uingereza, Ubelgiji, Ufaransa na Vietnam; mmoja wa vinara alipata miaka 27. Karibu zaidi na kwetu, Mweritrea Kidane Zekarias Habtemariam, aliyetoroka mahakamani Addis Ababa mwaka 2021 na kuhukumiwa kifungo cha maisha pasipo yeye kuwepo, alinaswa Sudan Januari 2023 kwa ushirikiano wa Interpol na polisi wa Umoja wa Falme za Kiarabu, ambao walikuwa wakifuatilia fedha zake.

Wapo watakaosema kwamba wahamiaji hawa waliyataka wenyewe, na kutowafunga ni kuwafungulia milango. Kila nchi ina haki ya kumjua anayeingia kwake, na kumrudisha asiye na kibali ni halali. Lakini kumrudisha mtu si kumfunga. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 kuhusu usafirishaji haramu wa wahamiaji, ambayo nchi zote kubwa za njia hii zimejiunga nayo, inasema katika kifungu cha 5 kwamba mhamiaji asishitakiwe chini yake kwa sababu tu ya kusafirishwa, na katika kifungu cha 18 inaitaka nchi yake impokee. Ni kweli haizuii sheria za ndani kumwadhibu. Hata hivyo tumeadhibu tangu kabla ya Dodoma, na Lusaka imetuonyesha matokeo. Mhamiaji aliyechukuliwa maelezo kwa mkalimani, akaheshimiwa na kurudishwa kwao, ni shahidi. Aliyesongamana gerezani hana faida kwa yeyote.

Wengine huhofu kwamba kushirikiana ni kukabidhi mamlaka ya nchi. Mamlaka hayo hunyakuliwa na yule anayepita kizuizi cha barabarani kwa kufuata msemo wa penye udhia penyeza rupia. Na wanaosema tuondoe kwanza umaskini wana hoja nzito, ila hoja hiyo nayo yataka ushirikiano: itifaki ya Umoja wa Afrika ya mwaka 2018 ya kuruhusu watu kusafiri kwa uhuru bado haijaridhiwa na nchi 15 zinazohitajika ili ianze kutumika. Palipo na kibali kinachopatikana kwa bei ya haki, dalali hukosa cha kuuza.

Basi hapana budi serikali za Ethiopia, Kenya, Tanzania, Malawi, Zambia, Msumbiji na Afrika Kusini ziunde kikosi kimoja cha upelelezi, wapelelezi na waendesha mashtaka wakae meza moja, rekodi za simu na za miamala zipatikane kwa siku chache badala ya miezi, na mali za vinara zitaifishwe popote zilipo. Askari aliyepokea hongo ahesabiwe kuwa sehemu ya mtandao. Nasi wananchi, wenye malori, wenye nyumba za wageni na mawakala wa fedha, tuache kujifanya hatuoni. Leo ni vijana wa Ethiopia. Lakini vijana wa Kenya na Uganda wamekwisha kuokolewa katika kambi za utapeli huko Myanmar, na wakati huo sisi wa Afrika Mashariki ndio tulioomba mataifa ya mbali yatusaidie. Tuwatendee watoto wa wenzetu haki ileile tunayowaombea wa kwetu.