Malezi na Matumizi: Ngoma za Vijana na Mfuko wa Mzazi

Wahenga walinena: ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Yeyote atazamaye picha za vikosi vya ngoma na tarumbeta vya vijana wa Marekani, wakipita uwanjani kwa mistari iliyonyooka kama uzi, aghalabu hustaajabia ustadi wao tu. Ni wachache waulizao ni nani aliyeviunda, na kwa fedha za nani. Juma hili ukurasa wetu wa nyumbani unauliza swali hilo, kwa kuwa jibu lake lamgusa kila mzazi mwenye mtoto apendaye jambo jema lenye bei kubwa. Tena wapo ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi waliohamia Marekani, ambao watoto wao husoma katika shule za huko, mahali ambapo bendi ya gwaride ni jambo la kawaida. Haikosi siku moja mmoja wao atarudi nyumbani na karatasi ya ada mkononi.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Kikosi kikubwa huwa na vijana wapatao 150, wengi wao wanafunzi wa sekondari na wa vyuo, kwa kuwa kanuni humwondoa kijana afikapo umri wa miaka 22. Wako wapigao tarumbeta za shaba, wapigao ngoma, na wachezao na bendera. Hukusanyika mwezi Mei, wakafanya mazoezi kutwa kucha, kisha husafiri kwa mabasi toka jimbo hata jimbo, wakishindana, mpaka fainali za mwezi Agosti. Njiani hulala sakafuni katika kumbi za michezo za shule, na chakula chao hupikwa na wazazi na watu wa kujitolea ndani ya lori lililogeuzwa jiko. Tangu mwaka 2009 fainali za daraja la juu zimekuwa zikifanyika katika uwanja mkubwa wa mji wa Indianapolis, ila mwaka 2020, maradhi ya korona yalipovunja msimu mzima.

Hapo zamani mambo hayakuwa hivi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, askari waliorejea nyumbani waliunda vyama vyao, kama vile American Legion, na ndani ya vyama hivyo zikaundwa bendi za ngoma na tarumbeta za jeshi. Baadaye wakawaanzishia vijana vikosi vyao, na parokia na maskauti nao wakafuata. Kikosi maarufu cha Cadets kilizaliwa mwaka 1934 katika parokia ya Holy Name, mji wa Garfield, jimbo la New Jersey. Kile cha Cavaliers kilitokana na kundi la maskauti wa Chicago mwaka 1948. Hivi vilikuwa vikosi vya mtaa. Mtoto alikwenda mazoezini kwa miguu na kurejea nyumbani kula na kulala. Ngoma ilikuwa mali ya chama, na sare ilirithiwa na mdogo baada ya mkubwa kuondoka. Hata mtoto wa kibarua aliweza kusimama mstari mmoja na mtoto wa tajiri, na hakuna aliyejua nani ni nani.

Basi gharama zilipandaje? Mwaka 1971 viongozi wa vikosi, ambao hawakuridhika na kanuni na malipo ya mashindano yaliyoendeshwa na vyama vya askari, waliunda chama chao wenyewe, Drum Corps International. Mashindano yake ya kwanza ya ubingwa yalifanyika Whitewater, jimbo la Wisconsin, mwaka 1972. Uamuzi huo uliwapa vijana heshima na ukainua sana kiwango cha muziki. Lakini kushindana kwa taifa zima si sawa na kushindana kwa mtaa. Kikosi kilichokuwa kikisafiri mwisho wa juma sasa husafiri majira yote ya kiangazi. Hapana budi kulipia mabasi, madereva, malori, dizeli, chakula cha watu zaidi ya 150 kila siku, bima, na kodi ya viwanja vya mazoezi.

Juu ya hayo, mchezo wenyewe ulibadilika. Tangu mwaka 2000 kanuni ziliruhusu tarumbeta za namna nyingine badala ya zile za zamani za sauti ya G. Mwaka 2004 vikaruhusiwa vipaza sauti, na mwaka 2009 vinanda vya umeme. Kila mlango uliofunguliwa uliingiza uzuri, na ukaingiza pia hati ya madai. Sare zilizokuwa zikivaliwa miaka mingi sasa katika vikosi vingi hubuniwa upya kila msimu ili zioane na mchezo wa mwaka huo. Yahitajika kuwalipa watungaji wa muziki, wabunifu wa gwaride, walimu wa ngoma na mafundi wa sauti. Kikosi kimoja kikiongeza jambo, vingine havithubutu kubaki nyuma, maana majaji hutoa alama kwa wanachokiona na kukisikia. Ngoma ikivuma sana hupasuka.

Wakati huohuo visima vya fedha vilipungua maji. Vyama vya askari na parokia vilivyokuwa wadhamini viliacha kuubeba mzigo huo. Vikosi vingi viliishi kwa michezo ya bingo, ambayo faida yake ililipia mabasi na sare. Nayo bingo haina tena wateja wa enzi zile. Pengo lililobaki limeangukia ada ya mwanachama. Katika miaka hii ya karibuni ada ya msimu mmoja katika baadhi ya vikosi vikubwa imepita dola 5,000. Katika hiyo hamna nauli ya kwenda kwenye kambi za majaribio wakati wa baridi, wala viatu, wala glavu, wala fedha za mfukoni.

Mama mwenye kushika daftari la nyumba atapenda kuona hesabu. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali kuu ya Marekani tangu mwaka 2009 ni dola 7.25 kwa saa, ingawa majimbo mengi yameweka zaidi. Kijana apataye kima hicho atahitaji kufanya kazi saa 690 hivi ili apate dola 5,000. Kwa saa 40 kwa juma, hayo ni majuma 17 na ushei, yaani miezi minne hivi, kabla ya kodi, na bila ya kula wala kununua sabuni. Na hiyo miezi ambayo mwanafunzi angeweza kufanya kazi, ndiyo hiyohiyo anayotakiwa awe uwanjani. Kwa hiyo hulipa mara mbili: hulipa ada, na hukosa mshahara.

Haya si makosa ya watu waroho. Wakuu wa vikosi husema kwamba ada haitoshi kufidia matumizi yote, na kwamba bila ya wafadhili na watu wa kujitolea ingekuwa kubwa zaidi. Mambo yaliyotokea yanawaunga mkono kwamba hazina zao ni nyembamba. Kikosi cha Santa Clara Vanguard cha California, kilichokwisha kuwa bingwa mara saba, hakikuweza kushiriki msimu wa 2023 kwa sababu ya fedha, kikarejea mwaka 2024. Cadets, waliotwaa ubingwa mara kumi, walitangaza kufunga milango yao Januari 2024, baada ya miaka 90, wakiwa wameelemewa na mzigo wa kesi mahakamani. Ukubwa wa jina haukuwasaidia.

Hasara kubwa kuliko zote haionekani uwanjani. Ni yule kijana mwenye pumzi na mikono mepesi ambaye hakuomba hata kujaribiwa, kwa kuwa aliiona ada akanyamaza, asiwatie wazazi wake aibu. Majaji hawawezi kukatia alama mtu asiyekuwapo. Kikosi kikiwachagua vijana kwa mfuko kabla ya kipaji, muziki wake waweza kuendelea kuwa safi, lakini kazi yake ya kulea taifa imepungua.

Nasi wa Afrika Mashariki tusicheke kwa mbali, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ngoma ya beni iliyovuma Lamu na Mombasa tangu miaka ya 1890, kisha ikaenea bara, nayo ilizaliwa na gwaride na tarumbeta za jeshi. Marini na Arinoti walishindana kwa sare, vyeo na karamu, na mashindano hayo yaliingia mifukoni mwa wanachama. Ushindani wa ngoma na gharama ni ndugu wa tumbo moja popote pale.

Je, mzazi afanye nini? Tunashauri mambo machache, nayo yafaa hata kwa kwaya, timu ya mpira au bendi ya shule. Kwanza, kabla ya kusaini, ulizeni ada inajumuisha nini na haijumuishi nini, italipwa kwa mafungu mangapi, na itarudishwa kiasi gani mtoto akiugua. Pili, andikeni katika daftari nauli, vifaa na mshahara utakaokosekana, maana ada pekee si bei kamili. Tatu, ulizeni kama kuna msaada kwa wasiojiweza. Vikosi vingi vinao, lakini huenda kwa waombao mapema. Nne, msikope kwa ajili ya msimu mmoja wa kiangazi. Deni litabaki baada ya makofi kwisha. Tano, tafuteni kilicho karibu. Huko Marekani viko vikosi vidogo visivyosafiri mbali, na vile vya watu wa rika zote vikutanavyo mwisho wa juma, ambavyo huacha nafasi ya kazi na hutoza kidogo. Mtoto hujifunza humo kushika wakati, kuvumilia jua na kumsikiliza mwenziwe, kama wajifunzavyo wale wa fainali.

Na mtoto mwenyewe achangie, japo kwa kuosha magari au kuuza maandazi. Haba na haba hujaza kibaba. Tena mtu hutunza alichokitolea jasho.

Kwa viongozi wa vikundi vya vijana, popote walipo, tuna neno moja. Kabla ya kuongeza sare mpya au chombo kipya, waulize jambo hilo litamwacha nje mtoto wa nani. Likiwa litawaacha watatu, afadhali sare ya mwaka jana, nao watatu wawemo mstarini.