Jina Juu ya Utafiti ni Amana



Wazazi wenye watoto wasomao udaktari hutueleza fadhaa yao: kijana amekaribia kuhitimu, naye bado anaomba idhini na nauli aende bara kwa kazi ya utafiti. Je, udaktari pekee hautoshi? Jawabu ni kwamba shahada ya kwanza si mwisho wa safari. Atakaye ubingwa wa maradhi ya watoto, ya wanawake au upasuaji hushindania nafasi chache, na huko Marekani wateuzi hutazama sana utafiti alioufanya mwombaji. Hapa Kenya nako, masomo ya ubingwa yana tasnifu yake ya utafiti.

Basi haja hiyo ni ya haki. Lakini imezaa tamaa: wako watakao majina yao yapachikwe juu ya makala wasiyoyatolea jasho, ili orodha irefuke.

Tuwatazamishe Kitui na Makueni. Mwaka 2004, watu wa huko waliingia hospitalini macho yakiwa manjano, maini yameharibika. Walihesabiwa wagonjwa 317. 125 kati yao wakafariki. Watafiti wa Wizara ya Afya na wenzao kutoka Marekani wakaenda vijijini. Waliwalinganisha wagonjwa 40 na watu 80 wasiougua, wakiwauliza mahindi yao yalitoka wapi na waliyahifadhi vipi, kisha wakapima mahindi na damu. Ikabainika kuwa ni aflatoksini, sumu itokanayo na kuvu, na kwamba hatari ilizidi kwa waliohifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba badala ya ghalani.

Zingatieni, kina mama: elimu ile, iliyochapishwa mwaka 2005, ilitoka vinywani mwa watu wa majumbani, katika siku za msiba. Lau watafiti wangalijaza karatasi kwa kubuni, wakiwa wameketi kivulini, sababu ingalifichika, na mahindi yale yale yangalirudi chunguni.

Kwa hivyo twawausia vijana wetu: mwendeeni mwalimu mapema, mkamwombe kazi moja ndogo muifanye hadi tamati. Msimhoji mgonjwa kabla ya kupata kibali cha kamati ya maadili na ridhaa yake mwenyewe. Na siri yake muisitiri. Msikubali jina lenu liandikwe juu ya kazi msiyoweza kuieleza mkiulizwa, kwani huo ni ushahidi wa uongo.

Nanyi wazazi, msimzuie binti kwa kuwa njia ni ndefu; ulizeni aendako, atakuwa na nani na atalala wapi, kisha mpeni radhi zenu. Arudipo, msimuulize ameandika makala mangapi. Muulizeni: "Mwanangu, uliwauliza kina nani, ukagundua nini, na je, wao wenyewe wamepelekewa jawabu?"