Jina la Mchezesha Santuri

Katika arusi za Nengo, mjini Gisenyi, kama zilivyo arusi za Goma ng'ambo ya mpaka, yuko kijana mmoja ambaye hula baada ya watu wote kwisha kula. Bibi arusi husifiwa, wapishi hushukuriwa, na mwimbaji hutunzwa fedha mbele ya watu. Lakini dijei, aliyewachezesha wageni hadi usiku wa manane, huulizwa jambo moja tu: kama amekwisha kukunja nyaya zake. Basi kijana wa namna hiyo akitangaza nyumbani kwamba anakusudia kutoa santuri yake mwenyewe, tena isiyokuwa na mwimbaji hata mmoja, wazazi hushtuka. Baba huuliza, "Nani ataimba?" Mama huuliza, "Nawe utakula nini?"

Maswali hayo yote mawili ni ya haki. La kwanza ni jepesi. Muziki usio na maneno si jambo geni kwa Waswahili. Zanzibar, ambako kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, wapenzi wa taarabu hutulia wakasikiliza bashrafu, kipande kinachopigwa kwa ala peke yake, na hakuna anayeuliza maneno yako wapi. Linalowatatiza wazazi ni jingine: huyu hapigi fidla wala udi. Anacheza santuri zilizokwisha kupigwa na wengine. Je, huo nao ni ufundi?

Ufundi huo ulianzia Bronx, mjini New York. Tarehe 11 Agosti 1973, Kool Herc, kijana mzaliwa wa Jamaika, aliwachezesha watu katika jengo walimokuwa wakiishi. Alikuwa ameona kwamba wachezaji huchangamka zaidi pale waimbaji wanaponyamaza na ngoma kubaki peke yake. Kwa hiyo akawa anaweka santuri mbili za wimbo mmoja juu ya gramafoni mbili. Kipande cha ngoma kikiisha upande huu, hukianzisha upande wa pili, hata sekunde chache zikawa dakika nyingi. Miaka michache baadaye kijana mwingine wa huko, Theodore, alikuwa akicheza santuri chumbani kwa sauti kubwa, mama yake akaja mlangoni kumkemea. Kwa kadiri alivyosimulia mwenyewe, aliizuia santuri kwa kiganja huku akiisogeza mbele na nyuma, na mkwaruzo alioutoa ukampendeza. Mama yule hakujua kwamba karipio lake lingesikika dunia nzima. Mwaka 1981 Grandmaster Flash, mzaliwa wa Barbados, alitoa santuri iliyoundwa kwa vipande vya santuri za wengine, na tangu hapo imekuwa vigumu kusema kwamba mkono wa dijei si mkono wa mwanamuziki.

Lakini Bronx ni mbali, na mzazi wa Gisenyi hawezi kulaumiwa akitaka mfano wa jirani. Upo Dar es Salaam. Katika mitaa kama Manzese, Tandale na Mburahati, madijei wa sherehe za uswahilini walikata vipande vya ala katika nyimbo za taarabu, wakavirudiarudia na kuvizidishia mwendo, na vijana wakaghani juu yake. Hiyo ndiyo singeli. Mapigo yake huweza kupita 200 kwa dakika, na mtu mzima akiisikia mara ya kwanza hudhani mashine imeharibika. Hapakuwa na gramafoni mbili. Palikuwa na kompyuta. Hata hivyo fikra ilikuwa ileile ya Kool Herc.

Kwa muda mrefu majina yaliyojulikana yalikuwa ya waghani. Kisha mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati. Mwaka 2018 Bamba Pana, mtengenezaji wa midundo wa studio hiyo, alitoa Poaa kwa jina lake, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni mdundo mtupu. Mwaka 2022 akaja DJ Travella, kijana mdogo wa jiji hilohilo, na santuri yake ya kwanza, Mr Mixondo. Waliokuwa nyuma ya spika wamepiga katika matamasha ya Ulaya.

Ndipo linapokuja swali la mama, na jibu lake si tamu. Mwaka 1969 kikundi cha Marekani kiitwacho The Winstons kilirekodi wimbo ambao ndani yake mpiga ngoma, Gregory Coleman, alipiga peke yake kwa sekunde zipatazo sita. Kipande hicho kimenakiliwa katika maelfu ya nyimbo. Coleman alifariki mwaka 2006 bila kupata mrahaba wowote wa kunakiliwa huko.

Hapa dijei anayedai jina lake hana budi kujiuliza naye jina la mwenziwe. Fidla ile ya taarabu aliyoikimbiza hadi ikalia kama ndege ilipigwa na mtu mwenye nyumba na watoto. Akiitumia katika santuri ya kuuzwa, aombe ruhusa, au aipige upya yeye mwenyewe. Na kabla ya kutia saini karatasi ya kampuni yoyote, isomwe mezani, mbele ya wazazi: fungu lake ni lipi, kwa miaka mingapi, na nakala halisi ya kazi inabaki kwa nani. Nyumba nyingi zina daftari la matumizi ya mwezi. Kurasa mbili za nyuma zatosha kuandikia kila kipande kilichotumika, kimetoka wapi na kimepigwa na nani, na mama mwenye mwandiko mzuri anaweza kuwa karani.