Ufunguo wa Kazi Yetu Usikae Dukani

Mojawapo ya mambo ambayo watumishi wa umma na walimu wa Mkoa wa Rukwa hatuna budi kuyazungumza waziwazi ni desturi ya kumkabidhi mtu mwingine neno letu la siri. Wako watumishi, Sumbawanga mjini, Laela, Matai na Namanyere, ambao kompyuta mpakato wanayo nyumbani, na baadhi yao wana hata ruta ya kusambaza mtandao. Lakini inapowadia siku ya kujaza taarifa ya kazi, hufunga safari hadi duka la steshenari, wakamtajia kijana wa dukani cheki namba na neno la siri, kisha wakakaa kwenye benchi wakisubiri kufanyiwa. Ukiwauliza sababu, jibu ni moja: kompyuta ya nyumbani haishiki mtandao.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Tangu mfumo wa PEPMIS ulipochukua nafasi ya OPRAS katika mwaka wa fedha 2023/24, mtumishi hupimwa kwa taarifa anazoingiza mwenyewe katika mtandao. Maombi ya likizo na ya uhamisho nayo hupitia katika mfumo wa ESS. Kwa hiyo neno la siri ndiyo saini ya mtumishi, na anayelitoa ametoa saini yake. Zamani hakuna karani ambaye angethubutu kuuacha mhuri wa ofisi dukani ili mwenye duka amgongee barua zake. Iweje leo tuone ni jambo la kawaida kufanya hivyo kwa sababu tu mhuri wenyewe hauonekani kwa macho? Na mwalimu anayepeleka huko alama za wanafunzi wake akumbuke pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziwekea ulinzi habari za watu, wakiwamo watoto hao.

Hatusemi kwamba wenye maduka hayo si waaminifu. Wanafanya kazi halali, na wamewasaidia wengi. Tunachosema ni kwamba dhamana ya umma haihamishwi kwa malipo ya kuchapiwa ukurasa mmoja.

Historia yetu ina somo katika suala hili. Mwaka 1974, mwaka ule ule ambao Mkoa wa Rukwa ulianzishwa, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Uamuzi huo haukutoka hewani. Kompyuta ya kwanza ilikuwa imefungwa Hazina mwaka 1965, na katika miaka iliyofuata ikadhihirika kwamba mashine ile ilikuwa ikiligharimu taifa na kuliweka mikononi mwa wataalamu wa kigeni. Marufuku hiyo iliondolewa baadaye, na ilistahili kuondolewa, maana nchi haiwezi kuendelea kwa kuikimbia elimu. Hata hivyo hoja iliyokuwa ndani yake ingali hai: mashine ambayo mwenyewe hana ujuzi nayo humgeuza mwenyewe kuwa mtumwa wa mwenye ujuzi. Wakati ule mwenye ujuzi alitoka ng'ambo. Leo anakaa mtaa wa pili, lakini utegemezi ni ule ule.

Kikwazo cha kwanza ni dhana kwamba waifai ni jambo la ajabu lisiloweza kueleweka na mtu wa kawaida. Wenyeji wa Ufipa hutueleza kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi. Basi na tuutupe na uchawi huu. Waifai ni redio. Wazazi wetu waliokusanyika katika vikundi mwaka 1973 kusikiliza kampeni ya Mtu ni Afya walikuwa wakipokea mawimbi yaliyopita hewani bila waya. Tofauti ni kwamba redio ile ilipokea tu, ilhali kompyuta hupokea na kujibu. Kanuni za mawasiliano haya ziliwekwa mwaka 1997, na mashine nyingi za nyumbani hutumia masafa ya gigahazi 2.4 na gigahazi 5. Yale ya kwanza hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi; yale ya pili huenda kasi, lakini hudhoofika upesi yanapokutana na ukuta wa matofali.

Jambo la pili la kuelewa ni kwamba habari husafiri safari mbili. Safari ya kwanza ni kutoka kompyuta hadi ruta, ndani ya nyumba. Safari ya pili ni kutoka ruta hadi mnara wa kampuni ya simu, au hadi waya wa mkongo, na kutoka hapo kwenda duniani. Ni kama gunia la mahindi: kwanza hutolewa shambani kwa njia ya kijiji, kisha hushika barabara kuu ya kwenda Tunduma. Barabara kuu ikiwa nzima lakini njia ya kijiji imekatika, gunia halitoki. Na njia ya kijiji ikiwa nzima lakini barabara kuu imefungwa, vilevile halitoki. Mtu asiyetenganisha safari hizi mbili huilaumu kompyuta yake bure, akaibeba kwenda kwa fundi na kulipia matengenezo ya kitu kisichoharibika.

Kazi yenyewe si ndefu. Ruta iwekwe mahali pa juu na pa wazi, mbali na kabati la chuma, na iachwe dakika chache hadi taa zake zitulie. Chini ya ruta hubandikwa karatasi yenye jina la mtandao na neno la siri lililotoka kiwandani. Katika kompyuta nyingi, alama ya mtandao huwa pembeni chini ya kioo, upande wa kulia. Ukiibofya hutokea orodha ya mitandao iliyo karibu. Chagua jina la mtandao wako, kubali uunganishwe wenyewe kila uwashapo, kisha andika neno la siri kwa uangalifu, maana herufi kubwa na herufi ndogo ni vitu viwili tofauti. Anayetumia simu badala ya ruta hufuata hatua hizo hizo, baada ya kuiruhusu simu igawe mtandao.

Kama jina la mtandao halionekani kabisa, tatizo liko katika safari ya kwanza. Angalia kama alama ya ndege imewashwa, kwa kuwa hiyo huzima mawimbi yote ya kompyuta. Kisha sogea karibu na ruta ujaribu tena. Kama kompyuta inasema imeunganishwa lakini hakuna intaneti, safari ya kwanza ni salama na tatizo liko katika ya pili: huenda kifurushi kimekwisha, au mnara hauna nguvu. Tena angalia tarehe na saa. Kompyuta iliyokaa muda mrefu bila chaji huweza kupoteza tarehe, na ikipoteza tarehe, tovuti nyingi zenye ulinzi hukataa kufunguka ingawa mtandao upo.

Liko pia suala la gharama, ambalo kwa mshahara wa mwalimu si la kupuuzwa. Wengi hulalamika kwamba kifurushi cha wiki kimekwisha usiku mmoja. Mara nyingi mlaji ni kompyuta yenyewe, ambayo ikiona waifai hudhani imepata mtandao usio na kikomo, ikaanza kujipakulia marekebisho ya programu zake. Dawa yake ni kuingia katika mipangilio ya mtandao huo na kuutambulisha kuwa ni wa kulipiwa kwa kipimo. Kufanya hivyo huchukua dakika moja, na kompyuta huahirisha sehemu kubwa ya upakuaji huo. Marekebisho yenyewe yasiachwe daima, kwa kuwa yana ulinzi ndani yake; mwenye kompyuta ndiye achague siku ya kuyachukua.

Baada ya kuunganisha, ni lazima kufunga mlango. Neno la siri la kiwandani libadilishwe, na lile la kuingilia katika mipangilio ya ruta libadilishwe pia, maana kwa ruta nyingi hujulikana na kila mtu. Ulinzi uchaguliwe kuwa WPA2 au WPA3. Wako watakaosema kwamba kumnyima jirani mtandao ni ubinafsi usiolingana na desturi zetu. Hapana. Kumpa jirani maji ni wema, lakini hatumpi ufunguo wa chumba chenye mafaili ya Serikali. Ruta nyingi zina mtandao wa pili kwa ajili ya wageni. Jirani apewe huo.

Tunatambua kwamba si kila mtumishi yuko katika hali moja. Yuko mwalimu wa bonde la Ziwa Rukwa au mwambao wa Tanganyika ambaye mawimbi ya simu humfikia kwa shida. Huyo hana kosa, na kumkemea ni kumwonea. Dawa yake ni minara, na huo ni wajibu wa kampuni za simu na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Lakini penye mnara na umeme, kisingizio cha kutojua hakina nafasi. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 viligawiwa walimu baadaye, na namna ya kuviunganisha na waifai haitofautiani sana na ya kompyuta.

Kwa hiyo wakuu wa shule watenge kipindi kimoja katika mafunzo ya MEWAKA kwa ajili ya somo hili, na maofisa TEHAMA wa halmashauri washuke katika kata badala ya kusubiri kuitwa mashine zinapogoma. Mwalimu kijana amfundishe mwenzake mwenye umri mkubwa kwa heshima, bila kumcheka, na mwenye umri mkubwa asione haya kujifunza. Taifa hili lilipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wazee wenye mvi walishika kalamu kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyepungukiwa heshima kwa sababu hiyo.

Kujitegemea hakukomi katika jembe na ghala la mahindi. Mtumishi aliyekabidhiwa siri za wananchi hana budi kuweza kuifungua ofisi yake mwenyewe, kuifunga mwenyewe, na kuuweka ufunguo mfukoni mwake.