Leseni ya Nyumba ya Wageni Iandikwe na Jina la Mtunzaji

Kati ya soko la Kongowea na ufuo wa Nyali, hapa Mombasa, si mwendo wa kuitwa safari, na kila asubuhi, jua likiwa bado halijapata makali yake, hupita katika njia hiyo watu ambao hakuna tangazo lolote la nyumba za wageni linalowataja: mwanamke aliyekwisha kuswali na kuwaachia watoto uji mekoni, funguo za watu amezifunga kwenye pindo la leso, kijana wa bodaboda na mtungi wa gesi nyuma yake, fundi wa mabomba na mfuko wake wa spana, na bawabu aliyemaliza zamu, anayerudi Kisauni kulala. Hao ndio waendeshao zile nyumba na fleti ambazo mgeni wa Nairobi, wa Ujerumani au wa Maskati huziagiza kwa simu na kuzilipia kwa simu, akaja akalala siku tatu na kwenda zake, akidhani kwamba amekaa kwa fulani bin fulani ambaye picha yake ameiona katika tangazo, kumbe fulani huyo yuko Nairobi au Dubai, na sebule yake mwenyewe hajaikanyaga tangu Idi ya mwaka juzi. Hoja yangu katika makala haya ni moja, nayo ni kwamba leseni ya nyumba kama hiyo isitolewe kwa jina la mwenye mali peke yake, bali iandikwe pamoja na jina la mtunzaji anayeishi karibu, mwenye mkataba wa maandishi na ujira unaojulikana. Na nyumba isiyokuwa na mtu wa namna hiyo isipangishwe wageni abadan.

Wako wanaodhani kwamba biashara hii ni bidaa iliyoletwa na simu za mkononi na ile kampuni ya Airbnb, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2008. Sivyo. Pwani hii imekula na kuvaa kwa wageni wa msimu tangu zama ambazo majahazi yalishuka na kaskazi na kurudi na kusi, na tajiri wa Kiarabu au wa Kihindi, aliyelazimika kungoja miezi kadhaa hata upepo ugeuke, hakulala popote alipopenda. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331 na kulala Mombasa usiku mmoja kabla ya kushika njia ya Kilwa, ameeleza mambo yalivyokuwa Mogadishu: kila mfanyabiashara aliyeshuka chomboni alichukuliwa na mwenyeji wake, akakaa nyumbani kwake, na mwenyeji huyo ndiye aliyemuuzia na kumnunulia, hata ikawa biashara iliyofanywa kwa kumpunja mgeni, au pasipo mwenyeji wake kuhudhuria, huhesabiwa kuwa ni batili. Si hisani tupu iliyowaongoza watu wale; ilikuwa ni hesabu ya mji mzima, uliojua kwamba mgeni asiye na mwenyeji anayejulikana ni hatari kwa nafsi yake na kwa jirani vile vile.

Nyali nayo, ambayo zamani ilikuwa shamba la katani, ilianza kufunguka lilipotandazwa daraja la kuelea mwaka 1931, na hoteli ya Nyali Beach ikafunguliwa mwaka 1946. Daraja la zege tunalolipita leo ni la mwaka 1980. Vikaja na vijumba vya ufuoni, vilivyokodishwa kwa familia za kutoka bara wakati wa likizo za shule, na desturi ya vijumba vile ilikuwa kwamba mpishi na mtunzaji ni sehemu ya nyumba, kwa hivyo aliyekodi paa na vitanda alikodi pia mtu aliyejua ni mvuvi gani amerudi na pweza na ni kisima kipi chenye maji tamu. Mtu huyo alijulikana kwa jina na wageni waliorudi mwaka baada ya mwaka. Leo kazi ni ile ile, tena imezidi uzito, ila mwenyewe amefutwa daftarini.

Na kazi yenyewe ni ipi? Wasioifanya hudhani kuwa ni kufagia na kutandika. Chukua siku moja ya Agosti, au ya wiki ya mwisho ya Desemba, ambapo mgeni anaondoka saa nne asubuhi na mwingine ameshuka garimoshi Miritini na yuko njiani na watoto wanne na nyanya yao. Katika saa hizo chache mtunzaji anatakiwa ahesabu vijiko na taulo, avue shuka na foronya za vyumba vitatu, akung'ute mchanga uliojificha kila mahali hata ndani ya mashine ya kufulia, aoshe jokofu lililoachwa na harufu ya kamba waliosahauliwa, anunue tokeni za stima kwa pesa zake kwa ahadi kwamba atarudishiwa, achungulie tangi, kisha awe amesimama mlangoni amevaa nguo safi, anatabasamu. Mwezi wa Mei, mvua ya masika inaponyesha siku tatu mfululizo, shuka hazikauki, na hapo ndipo utamwona amezibeba kwenda nazo kwake, akazianika chini ya dari ya chumba kimoja anachoishi na wanawe, huku mwenye nyumba akimpigia simu kuuliza kwa nini bili ya dobi imepanda.

Juu ya yote hayo yako maji. Maji ya Mzima yalianza kuletwa Mombasa kwa bomba mwaka 1957, na upande wetu wa kaskazini hutegemea zaidi yale ya Baricho katika mto Sabaki, lakini kila mkaazi wa huku anafahamu kwamba mfereji una siku zake za kutoa na siku zake za kunyamaza. Nyumba nyingi zina kisima, na maji ya kisima cha karibu na bahari yana chumvi, na chumvi hiyo ni adui asiyelala: huziba bomba la kuogea, huua kichemsha maji kabla ya wakati wake, hula bawaba na kufuli hata mlango ukagoma kufunguka mgeni akiwa ndani. Mwangalizi hodari anajua siku ya kuagiza bouza la maji kabla majirani hawajaijaza foleni. Anajua ni tangi lipi la maji tamu ya kupikia na ni lipi la chumvi la kusukumia choo. Anajua fundi atakayekuja usiku na fundi wa kupiga porojo. Elimu hiyo haipatikani katika tangazo wala katika kitabu, na ndiyo inayouzwa kwa mgeni chini ya jina la starehe.

Malipo yake sasa. Aghalabu hulipwa kwa kila usafi, kwa M-Pesa, tena baada ya kukumbusha. Mgeni asipokuja, hana kitu. Akivunja mgeni glasi, hukatwa yeye. Mgeni akishusha nyota kwa kuwa mwani umenuka ufuoni, au kwa kuwa adhana ya alfajiri imemwamsha (nimesikia malalamiko hayo kwa masikio yangu, nikajiuliza mtu huyo alitaka tumwamrishe muadhini anong'one), basi lawama haiendi kwa bahari wala kwa msikiti, humshukia yeye. Na hali hii si ya kukosekana kwa sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kwamba mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na kwamba kibarua aliyefanya kazi kwa siku mfululizo zinazofika mwezi si kibarua tena, bali ni mwajiriwa wa kulipwa mshahara wa mwezi. Kuna wanawake hapa Kongowea wanaotunza nyumba ile ile kwa miaka, na bado wanaitwa «yule mama wa usafi».

Msomaji asiyekuwa na nyumba ya kukodisha huenda akaona kwamba haya ni mambo ya tajiri na mfanyakazi wake, hayamhusu. Yanamhusu. Mwanzoni mwa mwaka 2024, baada ya wanawake kuuawa katika nyumba za namna hii jijini Nairobi, taifa zima lilishtuka, na serikali ikawataka wenye nyumba za kukodisha kwa siku wajisajili na wapate leseni kwa Mamlaka ya Kusimamia Utalii, chombo kilichowekwa na Sheria ya Utalii ya mwaka 2011. Agizo lilikuwa la haki. Lakini kusajili mlango hakumtambulishi aingiaye, na kumjua mwenye hati ya ploti hakumsaidii jirani anayesikia kilio saa nane za usiku akawa hajui ampigie nani. Siku hizi pia umeingia mtindo wa kisanduku cha ufunguo kinachotundikwa ukutani: mgeni hutumiwa nambari za siri, akafungua, akaingia, akatoka, na hakuna uso uliomwona wala mkono uliopokea kitambulisho chake. Nyumba zetu za kale zilikuwa na baraza na daka, ili anayebisha hodi aonekane kabla ya kukaribishwa ndani. Sisi tumejenga fleti za ghorofa kumi tukaweka kisanduku. Wenye mali husifu kisanduku kwa kuwa hakidai mshahara, na kwa hakika hiyo ndiyo sifa yake pekee.

Kwingineko duniani hasira za wakaazi zimefika mbali. Katika mji wa South Lake Tahoe, ulio kando ya ziwa milimani, mpakani mwa majimbo ya California na Nevada huko Marekani, wapiga kura waliamua mwaka 2018, kwa wingi wa kura chache mno, kwamba nyumba za likizo ziondoshwe katika mitaa ya makaazi, na mambo yakaishia kuburutana mahakamani. Meya wa Barcelona alitangaza mwaka 2024 kwamba leseni za fleti za watalii zipatazo 10,000 hazitafanywa upya, ili ifikapo mwisho wa 2028 zisiwepo tena. Wako majirani zetu wa Nyali, waliochoshwa na muziki wa kando ya bwawa na magari yaliyoziba geti, ambao wangependa tuige mfano huo kesho asubuhi.

Mimi siungi mkono marufuku, na sababu yangu iko sokoni. Nyumba ya wageni hainunui mchicha wake kwa jumla kutoka bara kama hoteli kubwa. Hutuma mtu Kongowea achukue maembe, madafu, nazi, samaki na ndimu, na pesa ile huzunguka mikononi mwa wachuuzi kabla ya adhuhuri. Wageni wasipokuja, sisi ndio tunaoumia wa kwanza. Tuliona baada ya fujo za Likoni za Agosti 1997, tukaona baada ya bomu la hoteli ya Kikambala mnamo Novemba 2002, na tukaona mwaka 2020 wakati wa Korona, hoteli zilipofunga milango na wapishi wenye shahada wakauza viazi karai kando ya njia. Mtu aliyeyapitia hayo hawezi kushabikia kufungwa kwa mlango mwingine wa riziki, hata mlango wenyewe ukiwa na makosa.

Wenye nyumba watasema kwamba gharama ya mtunzaji wa mkataba itawashinda. Nawajibu kwamba gharama ipo tayari, ila inabebwa na mwingine: ni ile tokeni iliyonunuliwa na mtunzaji kwa pesa yake, ni ile shuka iliyokauka chumbani mwake, ni ule usingizi wa jirani. Na aliye na nyumba moja tu, mjane mathalan anayekodisha ghorofa ya juu huku mwenyewe akiishi chini, hatapata taklifu yoyote, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye mtunzaji na jina lake litaandikwa mara mbili. Wenye fleti tatu au nne katika jumba moja wanaweza kumwajiri msimamizi mmoja kwa shirika, wakagawana mshahara wake. Atakayeumia ni yule anayemiliki nyumba asiyoijua, katika mtaa asioujua, akataka faida ya mwenyeji bila ya dhima ya mwenyeji; naye, kwa insafu kabisa, simwonei huruma.

Kuna khofu nyingine iliyo ya haki zaidi, nayo ni kwamba mtunzaji akiandikwa jina atageuzwa ngao, ili likitokea baya akamatwe yeye na tajiri asalimike. Kwa hivyo kanuni iseme wazi kwamba jina la pili halipunguzi dhima ya jina la kwanza. Kwamba mtunzaji ana haki ya kumkataa mgeni asiyeonyesha kitambulisho, au anayeleta watu kumi katika nyumba ya wanne, na asikatwe ujira kwa kukataa. Na kwamba mkataba wake uambatanishwe na ombi la leseni, pasipo mkataba pasiwe na leseni. Nambari yake ya simu ibandikwe getini, pawe mahali majirani wanaweza kuisoma, pamoja na ya mwenye nyumba.

Haya hayahitaji tume wala semina ya hoteli. Kaunti ya Mombasa hutoza vibali vya biashara kila mwaka, na Mamlaka ya Utalii ina leseni zake. Kila upande uongeze katika fomu yake nafasi ya jina moja, kitambulisho kimoja na mtaa anaoishi mtu huyo, na wakaguzi wanaozunguka kutafuta vibali wamwulize mtunzaji, akiwa peke yake, alilipwa lini mara ya mwisho. Waanze na vibali vya mwaka ujao, na hadi hapo, mwenye nyumba anayetaka kutangulia hazuiwi na mtu kuandika mkataba wiki hii, kabla ya wageni wa Desemba hawajakata tikiti.