Mkate wa Kumimina si Keki
Wapo wanaodai kuwa mkate wa kumimina ni uleule, hata ukipikwa kwa unga wa ngano ili kuokoa muda. Hatukubali. Mkate huu ni mchele: hurowekwa usiku kucha, husagwa kwa tui zito la nazi, hutiwa hamira, sukari na iliki, huachwa uumuke, ndipo humiminwa sufuriani na kupaliwa makaa juu na chini. Hatulaumu jiko la umeme. Moto ni moto. Twalaumu haraka, kwani mzazi asiyemwita mwanawe autazame mchele ukiumuka humrithisha jina tupu. Malenga hulikataa shairi lililopungua mizani, akaliita guni. Nasi mkate wa ngano tuuite keki. Jina la kumimina tuuachie mchele.